Moshi mweusi wa mashini ya kusaga haiko alama ya nguvu

Ndugu wakulima, na wewe mashinisti mwenye unasomewa hii barua na mwenzako ku mulango wa depo,

Siku moja nilifika ku koperative moja ya Uwanda wa Ruzizi, mu njia ya kutoka Bukavu kuelekea Uvira. Nilienda juu ya mbegu za mahindi, haikuwa juu ya mashini. Lakini mbele nione depo, nilisikia motere, na mbele nione motere, niliona moshi: mweusi, muzito, unalala juu ya mabati sawa wingu la mvua. Wamama walikuwa wameketi ku kivuli cha ukuta, pale pale chini ya tiyo ya moshi, na magunia yao mbele yao na watoto mu mugongo. Nikauliza papa mwenye kuongoza mashini kama haiko mugonjwa. Akacheka.

"Agronomu, mashini iko na nguvu! Angalia tu moshi yake."

Ile jibu nimeisikia mara mingi, tena siwezi kumucheka mutu mwenye anaitoa, kwa sababu na mimi nililelewa nayo. Wakati tulikuwa watoto, tulikuwa tunapigia mikono kila kamyo yenye ilipanda mulima na kutoa moshi mweusi. Yenye ilitoa mingi zaidi, njo tulikuwa tunaona ni shujaa. Kumbe ile kamyo ilikuwa inatupa mazuti ya bwana wake mu hewa, na sisi tulikuwa tunaivuta.

Basi leo tunaacha mbegu kidogo, tunasema juu ya moshi.

Motere ya mazuti haina buji sawa ile ya esansi. Inavuta hewa, pistoni inaikandamiza mupaka inakuwa moto sana, kupita digri 500, kisha injekteri inarusha mazuti ndani sawa ukungu mwembamba. Mazuti inakutana na ile hewa ya moto, inawaka yenyewe. Sasa, ili kilo moja ya mazuti iungue yote, inaomba kilo 14 na nusu hivi za hewa. Litri moja, kwa sababu haifike kilo moja, inaomba kama kilo 12. Fikiria chumba cha metre 2 kwa metre 2 na nusu, chenye dari la metre 2. Hewa yote yenye iko ndani ya kile chumba, kona kwa kona, njo chakula cha litri moja tu. Na kwa kweli motere inataka hata zaidi, kwa sababu ndani ya silinda mazuti haipate wakati wa kutafuta hewa mu kila kona.

Kama hewa haitoshe, ao kama mazuti inaingia kwa matone makubwa pa nafasi ya ukungu, sehemu moja haiungue. Inageuka masizi. Ile njo moshi mweusi: ni mazuti yenye ulilipa, yenye haikusaga hata kilo moja ya mahindi.

Kuna pia moshi wa bluu na moshi mweupe, na haifai kuzichanganya. Ya bluu inaonyesha kama motere inakula mafuta yake ya kulainisha: segma za pistoni zimechoka, ao mutu alijaza mafuta kupita alama. Moshi mweupe wa asubuhi, wakati motere iko baridi, haina shida, ukiisha kisha dakika chache. Lakini ukiendelea mupaka saa sita, kuna mazuti yenye inatoka bila kuwaka, ao maji ya kupozea yanaingia ndani ya silinda, na mara ingine utaona mapovu ndani ya tanki ya maji. Ile ya bluu na mweupe, itana fundi. Ya mweusi, mara mingi unaweza kuianza wewe mwenyewe, na njo ya leo.

Ku ile koperative ya Ruzizi tuliomba papa azimishe motere, tukafungua filtiri ya hewa. Hata mimi sikutazamia kile tulikuta. Haikuwa mavumbi ya barabara. Ilikuwa unga. Unga wa mihogo, umekauka, umeshikamana sawa bugali ya jana ku sufuria. Motere na kinu chake viko mu chumba kimoja, mulango mudogo, dirisha limefungwa juu ya wezi; kinu kinatoa vumbi la unga siku muzima, na motere inavuta lile vumbi siku muzima. Mashini ilikuwa inasongwa na kazi yake yenyewe.

Njo maana mu kitabu cha motere wanaweza kuandika kama filtiri inasafishwa kisha masaa fulani, lakini ule mwenye aliandika alikuwa anafikiria shamba ao barabara, hakufikiria chumba cha kusagia mihogo. Ku mashini ya kusaga, filtiri inaangaliwa kila siku mbele ya kuwasha. Kama ni ile ya bakuli yenye mafuta chini, mwanga mafuta yenye yamechafuka mu bidoni (si ku mufereji), osha bakuli na wavu wake kwa mazuti kidogo, acha ikauke muzuri, kisha weka mafuta ya motere ya mupya mupaka ku alama. Usipitishe alama. Mafuta ikizidi, motere inaweza kuyavuta na kuyaunguza sawa mazuti, itaanza kukimbia yenyewe bila kusikia mukono wako, na watu watatawanyika. Kama filtiri ni ya karatasi, ipigepige polepole ku mukono ili vumbi ianguke. Usiioshe na maji, na kama imekuwa nyeusi ndani, nunua ingine. Na kuna wale wenye wanaona filtiri ni usumbufu, wanaitoa, wanaitupa. Kwa siku chache za kwanza watafurahi sana, moshi itapunguka. Kisha vumbi itakula silinda na segma sawa musumeno, na moshi wa bluu utakuja kuwaambia.

Dawa ya kweli ni kutenganisha. Jenga ukuta, hata wa matofali ya udongo, kati ya motere na kinu. Mukanda upite mu tundu. Kama hamuna nguvu ya ukuta, funga tiyo ku kinywa cha filtiri na uitoe inje, upande wenye hauna unga wala moshi. Ile tiyo isikuwe nyembamba kuliko kinywa chenyewe, juu kama ni nyembamba umefanya tena ugonjwa ule ule.

Hapa niseme neno kwa wenzetu wa milimani. Hewa ya juu ni nyepesi. Uvira, ku ziwa, ni karibu metre 800. Bukavu ni 1500 hivi, na kuna koperative ziko kupita metre 2000. Motere yenye haina turbo inapoteza karibu sehemu moja ya mia ya nguvu yake kwa kila metre 100 yenye unapanda. Ni kusema, motere yenye ilisaga muzuri Uvira, ukiinunua na kuipeleka juu ya metre 2000, imekwisha kuacha karibu sehemu 12 za mia mu njia. Haikuibiwa, haikurogwa. Mazuti inaingia kiasi kile kile, hewa imepunguka, kwa hiyo inatoa moshi. Pale unaongeza chakula kidogo kidogo mu kinu, ao kwa mara ya kwanza kabisa unanunua motere yenye nguvu kidogo zaidi.

Kile watu wengi wanafanya ni kinyume. Wanaita fundi, na fundi anafungua ile vise ya pompu yenye ilifungwa na plombu ku kiwanda, anaongeza mazuti. Motere inapata nguvu kidogo na moshi mingi. Mukikuta ile plombu imekatwa ku mashini yenu, ulizeni ni nani aliikata na kwa sababu gani. Ile vise njo ilikuwa inachunga mufuko wenu.

Tena mara nyingi motere haina kosa, kosa liko ku chakula. Mihogo yenye haijakauka muzuri haisagike, inakamuliwa. Kipande kikauke mupaka ukikivunja kilie. Kikijipinda, rudisha ku jua. Mahindi vilevile, ukiweka mbegu ku meno ipasuke, isibonyee. Angalia na nyundo za kinu: zikiwa zimekuwa za mviringo ku pembe, zinapiga bila kukata, na motere inalipa. Nyundo nyingi ziko na pembe 4, mutu anaweza kuzigeuza mara kadhaa mbele ya kununua zingine, lakini nimeona vinu vyenye havikugeuziwa nyundo tangu vilifika. Zikigeuzwa, zigeuzwe zote pamoja, kama sivyo kinu kitatetemeka.

Juu ya mazuti yenyewe, tunajua namna inatufikia: bidoni kwa bidoni, ku pikipiki, kutoka mukono kwa mukono. Ndani kuna maji, kuna muchanga, na mara ingine mutu ameongeza petroli ya taa ao kitu kingine. Acha bidoni isimame bila kutikiswa mupaka kesho yake, kisha chota ya juu kwa kutumia tiyo, acha vidole 3 vya chini. Ile ya chini usiirudishe mu bidoni ya mupya. Ukitoa mazuti kidogo ku chupa nyeupe na kuiacha, maji yataonekana chini yenyewe. Maji na muchanga njo vinaharibu tundu za injekteri, na injekteri yenye imeharibika inatema matone pa nafasi ya ukungu, kwa hiyo moshi mweusi hata kama filtiri iko safi kabisa.

Injekteri ipimwe na fundi mwenye ana pompu ya kupimia. Na usiweke mukono mbele yake wakati inarusha. Ile presha inapenya ngozi bila hata damu kutoka, inaingiza mazuti ndani ya mukono. Kitundu ni kidogo sawa cha sindano, mutu anacheka, na kesho yake wanafikiria kukata kidole. Kama inatokea, ni hospitali siku ile ile.

Sasa nirudi ku wale wamama chini ya ukuta.

Motere muzuri, filtiri safi, mihogo ya kukauka, bado itatoa moshi, hata kama hamuuone tena. Mu mwezi wa 6 wa mwaka 2012, kituo cha utafiti wa kansere cha OMS kiliweka moshi wa motere za mazuti mu kundi la kwanza la vitu vyenye vinaleta kansere kwa binadamu, zaidi ya mapafu. Masizi yake ni madogo sana, yanashuka mupaka ku mwisho wa mapafu, na mutoto mwenye kukohoa anayapokea vibaya kuliko mutu mukubwa. Lakini kansere ni kitu cha miaka mingi. Kuna kitu kingine cha siku ile ile: gazi yenye wanaita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia mu damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Motere ya esansi, sawa vile vigurupe vidogo vya kutoa kura, inaitoa mingi sana, ile usiiweke hata siku moja mu nyumba. Motere ya mazuti inatoa kidogo zaidi, lakini mu chumba cha kufunga, na motere yenye inasongwa, ile kidogo inakusanyika.

Alama zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, magoti kulegea. Musomaji wangu amekwisha kusema jina: malaria. Ku ile koperative, kijana mwenye kusaidia papa alikuwa amekunywa dawa za malaria mara tatu mu musimu mumoja. Nilimuuliza kichwa kinauma siku gani. Akafikiria. "Siku za soko, wakati tunasaga mupaka usiku." Na siku ya Yenga? "Siku ya Yenga ninakuwa muzima." Mbu haziheshimu siku ya Yenga. Nilimuomba aende ku kituo cha afya, wamupime damu, na aeleze muganga kazi yenye anafanya, juu muganga hawezi kufikiria motere kama hakuna mutu wa kumuambia. Sisemi malaria haiko, iko, na mutu mwenye homa apimwe. Lakini kichwa chenye kinauma watu wote wa chumba kimoja kwa wakati mumoja, na kinapona ukitoka inje, hicho si cha mbu.

Mutu akianguka pale, muvute inje kwanza, mbele ya kuzimisha motere kama iko mbali, kisha zimisha. Umulaze ku hewa, umupeleke ku kituo. Maziwa yenye watu wanakimbilia kumunywesha haitoe ile gazi mu damu. Kumunywesha mutu mwenye hajielewe ni kumusonga tu.

Tiyo ya moshi itoke inje ya nyumba na ipande kupita mabati, metre moja ao zaidi. Isiishie chini ya pa-a, kwa sababu moshi unarudi ndani kupitia nafasi ya juu ya ukuta. Ukiirefusha, ongeza unene wake, na ipinde kidogo iwezekanavyo. Kila kona inarudisha moshi nyuma, na motere yenye haiwezi kupumua kutoka, haiwezi kupumua kuingia. Mahali inapita mu majani ao mbao, izungushie matofali, juu inaunguza. Angalia viungo: pale kuna alama nyeusi sawa ulimi ku chuma, kuna moshi unatoka ndani ya chumba. Na mustari wa kungojea uhamie upande wenye upepo unatoka. Ile haiombe feza hata kidogo, inaomba benchi na kivuli.

Vijana wananiuliza namna Wazungu wanafanya, kwa sababu wameona ku telefone kama makamyo ya Ulaya hayatoe moshi. Ni kweli. Yako na filtiri ya masizi ndani ya tiyo, na tena yanarusha mu moshi maji yenye kuchanganywa na urea, sehemu 32 na nusu za mia. Ndiyo, urea, ile yenye tunatia ku mahindi. Ndani ya tiyo ya moto inageuka amonia, na ku kifaa cha pekee ile amonia inabadilisha gazi mbaya za azoti kuwa azoti ya kawaida na mvuke wa maji. Kijana mumoja aliposikia hivyo aliuliza kama anaweza kutia kikombe cha urea mu tanki ya mazuti. Ninajibu kwa wote: hapana, itaua pompu na injekteri. Bila kile kifaa, urea haina kazi ku motere. Ibaki ku mahindi.

Wengine wanauliza juu ya mawese. Swali haliko la ujinga. Ku maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, motere moja ya aina ya Diesel ilitembezwa na mafuta ya karanga. Na mwaka 1937, mwalimu mumoja wa chuo kikuu cha Bruxelles, Chavanne, alipata hati juu ya namna ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya motere. Mwaka wenye ulifuata basi moja ilitembea kati ya Bruxelles na Louvain na mawese yenye yaligeuzwa hivyo, wakati Kongo ilikuwa koloni ya Ubelgiji. Lakini sikia neno "kugeuzwa". Yalichanganywa na alkoli, yakafanyiwa kazi ya kemia. Mawese ya sokoni ni mazito, asubuhi ya baridi yanaganda, na yanaacha makaa ku injekteri. Ukiyatia hivyo hivyo utapata moshi mweusi kuliko wa kwanza.

Turudi Ruzizi. Feza za tiyo hazikuwa, mutunza feza alisema waziwazi, na alikuwa na haki: tiyo nzito ya chuma haiko ya bure. Tulikubaliana kitu kidogo. Papa alikamata kaye ya shule, akachora mistari mitatu: siku, litri za mazuti zenye ziliingia, magunia yenye yalisagwa. Majuma mawili bila kugusa kitu. Kisha filtiri safi kila asubuhi, nyundo kugeuzwa, na mihogo yenye kujipinda kurudishwa na mwenyewe. Majuma mawili tena. Kando yake, kila siku ya soko, kitambaa cheupe ku mwisho wa tiyo kwa fimbo, hesabu kumi, kinatundikwa ku ukuta na tarehe yake. Wale mamemba wenye hawasome waliangalia vitambaa.

Hesabu yenyewe ni ya kwao, siiandike hapa. Lakini mutunza feza njo aliipeleka mwenyewe ku mukutano, na tiyo ilinunuliwa na kile mazuti haikula tena. Kwenu itakuwa namba zingine, kufuatana na motere na mulima wenu. Anzeni kaye sasa, mbele ya mahindi ya musimu A kuingia, juu wakati magunia yamepangwa mupaka ku barabara, hakuna mutu atakubali kuzimisha mashini ili afungue filtiri.

Mu namba yenye itafuata: namna ya kukausha mihogo wakati mvua haikatike.